Maji, Mafuta na Gesi: Historia ya Ulinganishaji wa Vyanzo vya Umeme Tanzania, 1964–2024

Utangulizi

Kwa kawaida, vyanzo vya umeme hulinganishwa kwa kigezo cha gharama ya kuzalisha uniti moja. Kwa kigezo hicho, maji huonekana nafuu, mafuta huonekana ghali, na gesi asilia hukaa katikati. Makala haya yanauchunguza ulinganishaji huo kihistoria. Hoja kuu ni kwamba, nchini Tanzania, vyanzo hivi vilitofautiana zaidi katika suala la nani hubeba hasara mambo yanapoharibika. Aidha, maamuzi kadhaa makubwa yalifanywa wakati wa ukame, ambapo muda wa kulinganisha ulikuwa mfupi.

Maji

Kituo cha Hale katika Mto Pangani, chenye megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964. Kidatu, katika Mto Ruaha Mkuu, kilianza kuzalisha mwaka 1975 na hatimaye kikafikia megawati 204. Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980, lilitangulia kuwa ghala la maji ya Kidatu kabla ya kupata mitambo yake ya megawati 80 mwaka 1988. Mantiki ya uteuzi huu ilieleweka: baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, kila lita iliyoagizwa ilidai fedha za kigeni, ilhali maji ya mto hayakununuliwa.

Hata hivyo, kitu kisichonunuliwa kinaweza kuwa na gharama. Mtera ilipopungukiwa maji, lawama ziliwaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa bonde la Usangu, upande wa juu wa mto. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu, na wengi wakaelekezwa Lindi na mikoa mingine pamoja na mifugo yao. Hoja iliyotumika ilikuwa na upungufu. Bwawa hujazwa hasa na mafuriko ya msimu wa mvua, na maji yanayopita mtoni wakati wa kiangazi ni sehemu ndogo ya maji ya mwaka mzima. Kwa hiyo, matumizi ya kiangazi peke yake hayatoshi kueleza bwawa kukauka. Kiasi cha maji kilichofunguliwa kuelekea kwenye mitambo nacho hakina budi kuhesabiwa. Kihansi, kituo cha megawati 180 kilichoanza mwaka 2000, nacho kilikuwa na gharama yake. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yalipungua, na mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili.

Mafuta

Sera ya Nishati ya mwaka 1992 ilifungua mlango kwa wazalishaji binafsi. Mgawo wa umeme wa miaka hiyo ya ukame uliongeza msukumo. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, wa mtambo wa mafuta mazito wa megawati 100 huko Tegeta, ulilenga kuziba pengo hilo. Kutokana na mgogoro wa gharama uliofikishwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, mtambo ulianza kuzalisha kibiashara mwaka 2002, miaka mingi baada ya ukame uliouzaa. Chini ya mikataba ya namna hii, TANESCO hulipia uwezo wa mtambo hata umeme wake usipohitajika. Mvua zikikosekana, shirika hulipia mafuta. Zikinyesha, malipo ya uwezo huendelea. Ukame wa mwaka 2006 ulileta mitambo mingine ya dharura, na mkataba wa Richmond ukaishia katika uchunguzi wa kamati teule ya Bunge na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwezi Februari 2008. Hapa hasara haikumwangukia mkazi wa bondeni, bali hazina ya umma na mlipa bili.

Gesi

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilifika kwenye mitambo ya Ubungo mwaka 2004. Gesi haitegemei mvua, na kwa sifa hiyo ilipunguza udhaifu wa gridi. Lakini hutegemea bomba, na bomba huzua swali la nani hunufaika. Mwaka 2013 wakazi wa Mtwara walipinga mpango wa kusafirisha gesi kwenda Dar es Salaam, wakitaka manufaa yabaki kwao, na ghasia zikatokea. Bomba lilikamilika mwaka 2015.

Hitimisho

Mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha. Kwa hesabu ya uniti, huo ni ushindi wa maji. Kihistoria, jambo moja linahitaji tahadhari: Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa hilo jipya vyote vimo katika bonde la Mto Rufiji, na maji yatokayo Kidatu hupita tena katika bwawa hilo. Vituo vimeongezeka, lakini vinategemea mvua za bonde lile lile. Ulinganishaji wenye manufaa, basi, hauishii kwenye bei. Huuliza pia ni vyanzo vipi vitakosa nguvu kwa pamoja, na ni nani atakayetakiwa kulipa au kuhama siku hiyo. Swali hilo hujibika vyema wakati mabwawa yamejaa.