Timu Iliyopita Kwenye Tanuru

Septemba 2013 nilikuwa Chanthaburi, kusini mashariki mwa Thailand, nikingoja pesa zangu. Mnunuzi mmoja, jina lake nalihifadhi, alichukua pakiti yangu ya safaya za Tunduru kwa ahadi ya siku tatu, na siku tatu zikawa wiki mbili. Soko la mawe la mji ule huchangamka Ijumaa hadi Jumapili. Siku zilizobaki unalala chali chumbani ukihesabu mizunguko ya feni.

Aliyeniokoa ni mchomaji mawe mmoja niliyemfahamu tangu 1995, Wathai walipojaa Tunduru wakinunua kila kilichong'aa. Wakati huo alikuwa kijana wa kumbebea tajiri begi. Nilimwita Pi, maana ndivyo Wathai wanavyomwita kaka mkubwa, naye aliniita "Rafiki Bei Gani", maneno matatu ya Kiswahili yaliyombakia kichwani.

"Ukikaa hivi utaugua," aliniambia. "Twende kwetu. Timu yetu inacheza na Wairani."

Kwao ni Buriram, mkoa wa Isan, kaskazini mashariki mwa nchi, karibu kilomita 400 kutoka Bangkok. Jina lenyewe maana yake ni mji wa raha, lakini Wathai wa kwingine walikuwa na msemo wao kuhusu wenyeji wa huko: kwamba hutwanga maji ndipo wanywe. Nilicheka nikidhani ni kama kwetu, kutwanga maji kwenye kinu. Pi hakucheka. Alinieleza kwamba ukame wa zamani ulikuwa mkali kiasi kwamba watu walichimba tope, wakalitwanga, wakasubiri maji yajichuje juu. Ndiyo sababu vijana wa Isan wametapakaa: teksi za Bangkok wanaendesha wao, majengo wanajenga wao, na mawe ya Chanthaburi wanachoma wao.

Tulikwenda kwa pikapu yake, tukapita Sa Kaeo kandokando ya mpaka wa Kambodia. Njiani akawa anasema timu yetu hivi, timu yetu vile. Nami ni broka, mtu akinionyesha kitu huwa namuuliza kimetoka wapi.

"Hiyo timu yenu ilianzishwa lini?"

"1970."

"Hapo Buriram?"

"Bangkok," alisema, akaongeza mwendo.

Hapo ndipo kisa kinapoanza. Klabu inayoitwa leo Buriram United ilizaliwa kama timu ya shirika la umma, Shirika la Umeme la Mikoani. Shirika hilo husambaza umeme katika mikoa yote ya Thailand isipokuwa Bangkok na majirani zake wawili, Nonthaburi na Samut Prakan, lakini makao makuu yake yako Bangkok penyewe. Basi hata timu ikawa hivyo hivyo, ya mikoani kwa jina na ya mji mkuu kwa makazi.

Haikuwa peke yake. Wasomaji wanaokumbuka enzi za Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza na Bandari ya Mtwara hawatashangaa kusikia kwamba mpira wa Thailand ulishikwa na mabenki, jeshi la anga, polisi, bandari na kiwanda cha tumbaku. Tofauti ni kwamba zao karibu zote zilikaa Bangkok. Ligi kuu ilipoanza 1996 bingwa wa kwanza alikuwa Bangkok Bank, na kwa miaka kumi kombe halikutoka mikononi mwa timu za Bangkok. Mikoa ilikuwa na ligi yake ya pembeni. Mtu wa Buriram aliyependa soka alitazama Uingereza kwenye televisheni, na mechi za ligi kuu ya nchi yake zilichezwa mbele ya viti vitupu.

Timu ya umeme yenyewe haikuwa na makuu. Mwaka 2006 ilipata nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa ya Asia, ikafukuzwa kabla ya kugusa mpira kwa sababu majina ya wachezaji hayakuwasilishwa kwa wakati. Timu ya tumbaku, bingwa wa nchi, nayo ilifukuzwa kwa kosa hilo hilo. Timu mbili za mashirika ya serikali, zenye makarani wa kutosha kujaza basi, zikashindwa na fomu!

Mabadiliko yaliletwa na mkoa mwingine. Chonburi, mji wa pwani, ulichukua ubingwa mwaka 2007, ikiwa mara ya kwanza kwa timu ya mkoani tangu mashindano yaunganishwe. Watu wakaona kumbe uwanja unaweza kujaa mtu akiimba jina la kwao. Mwaka uliofuata timu ya umeme ikatwaa ubingwa, na sidhani kama kuna aliyelala njaa kwa furaha. Muda si mrefu Shirikisho la Asia likadai klabu ziendeshwe kama kampuni. Mashirika yaliyozoea kulea timu kama yanavyolea kantini yao yakajikuta na mzigo.

Ndipo akatokea Newin Chidchob.

Baba yake, Chai Chidchob, alikuwa mwanasiasa mkongwe wa Buriram aliyefika hadi kiti cha Spika wa Bunge, na mtoto akapewa jina la Jenerali Ne Win wa Burma. Ukoo huo ulijulikana pia kwa biashara ya kuponda kokoto, jambo lililonifurahisha, kwa kuwa sote tunakula kwa mawe. Newin alikuwa mmoja wa viongozi 111 wa chama cha Thai Rak Thai waliofungiwa siasa kwa miaka mitano chama kilipovunjwa mwaka 2007. Mwanasiasa aliyefungiwa ni kama dereva aliyenyang'anywa leseni, mikono inamwasha. Mwishoni mwa 2009 aliichukua timu ya umeme, na msimu wa 2010 ukaanza ikiwa Buriram, bado na jina la umeme, ikicheza uwanja wa zamani wa Khao Kradong, chini ya kilima cha volkano iliyozimika.

Sisi tuliozoea kwamba Yanga ni Jangwani na Simba ni Msimbazi tunaona ajabu timu kuhamishwa kama kabati. Nilimwambia Pi hivyo. Akanijibu kwa lugha ya kazi yake. Safaya ya Tunduru ikifika Chanthaburi mara nyingi ina wingu ndani. Mchomaji huitia tanuruni, zaidi ya nyuzi 1,600, na ikitoka wingu limeondoka, rangi imekaa. "Jiwe ni lile lile," alisema. "Ila wewe uliyelichimba ukiliona dukani hulijui."

Sikubaliani naye moja kwa moja. Jiwe lililochomwa lazima muuzaji aseme limechomwa, na broka asiyesema ni mwizi. Lakini matokeo ya tanuru lile hayabishaniwi. Msimu wa kwanza walimaliza wa pili. Mwaka 2011, chini ya kocha Attaphol Buspakom, walichukua ligi, Kombe la FA na Kombe la Ligi. Mwaka huo huo ukafunguliwa uwanja mpya ambao klabu inajivunia kuujenga kwa siku 256, na ambao leo una viti 32,600. Siku hizi unaitwa Chang Arena, kwa jina la bia ya mdhamini. Chang kwa Kithai ni ndovu. Nilipomweleza Pi kwamba tembo kwetu ni mnyama na pia ni pombe, alisimamisha gari kabisa ili acheke vizuri.

Kabla ya kuingia mjini alinipeleka Phanom Rung. Ni hekalu la Wakhmer, la mawe ya mchanga mekundu, lililojengwa kati ya karne ya 10 na ya 13 juu ya volkano nyingine iliyokufa, na ndilo lililochorwa kwenye nembo ya timu. Juu ya mlango mmoja kuna jiwe refu lililochongwa Vishnu amelala. Liliibwa miaka ya 1960, likaja kuonekana kwenye jumba la makumbusho la Chicago, na Wathai wakapiga kelele hadi likarudishwa mwaka 1988. Pi alilielekezea kidole bila kuligusa. "Hili liliondoka likarudi," alisema. "Timu haikuwahi kuondoka hapa. Ilikuja tu."

Jioni ile ilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia, mkondo wa pili. Esteghlal walikuwa wameshinda 1-0 kwao Tehran. Uwanja hauna njia ya kukimbilia, kwa hiyo umekaa karibu na wachezaji kiasi cha kusikia kiatu kikipiga mpira. Watu buluu tupu. Nyuma ya goli walisimama GU12, wale wanaojiita mchezaji wa 12, ngoma zao hazikupumua. Theerathon Bunmathan alikuwa akipanda upande wa kushoto kama mtu aliyesahau kitu kule mbele. Miaka sita baadaye kijana huyo alikuwa bingwa wa Japani na Yokohama F. Marinos.

Kando yangu alikaa mama mmoja, jezi juu, nguo ya hariri ya kufumwa chini, na kikapu kidogo cha mianzi chenye wali wa kunata. Alinimegea tonge bila kuniuliza, kisha akamuuliza Pi mimi ni wa wapi. Alipojua nauliza habari za timu, akasema jambo ambalo Pi hakunieleza njiani: kwamba Buriram ilikuwa na timu yake kabla ya hii.

Ilikuwepo kweli, Buriram FC. Ilicheza madaraja ya chini, na ujio wa Newin uliibeba nayo. Mkewe, Karuna, ndiye aliyekuwa rais wake. Ikapanda daraja 2010, ikapanda tena 2011, hadi mlangoni kwa ligi kuu. Hapo pakawa padogo, maana familia moja haiwezi kuwa na timu mbili katika ligi moja. Iliyonunuliwa ikabaki, ikaondoa jina la umeme na kuitwa Buriram United kuanzia 2012. Iliyozaliwa pale pale ndiyo iliyouzwa, nafasi yake ya ligi ikaenda Songkhla, kusini kabisa. Mama yule alisema mumewe bado anayo jezi ya Buriram FC, imekunjwa kabatini, hana mechi ya kuivalia.

Buriram walifungwa 2-1. Jumla 3-1, wakatoka. Hakuna aliyerusha chupa. Mama alifunika kikapu chake, akanipungia mkono, akateremka ngazi taratibu akishika ukuta.

Yaliyofuata nimeyafuatilia nikiwa Arusha, Pi akinitumia picha. Ubingwa wa 2013, 2014, 2015, na huo wa 2015 ulikuja na makombe mengine manne. Mwaka 2014 ukafunguliwa uwanja wa mbio za magari na pikipiki jirani na ule wa mpira, na tangu 2018 MotoGP inafika katika mji ambao zamani mgeni aliuona kwa dirisha la treni tu. Mwaka 2019 nilimpigia simu kumpa pole: siku ya mwisho ya msimu walitoka sare ya 1-1 Chiang Mai, wapinzani wao Chiangrai wakashinda 5-2 kwa Suphanburi, pointi 58 kwa 58, na ubingwa ukaamuliwa kwa mechi zao wenyewe kwa wenyewe. Hakupokea. Siku mbili hakupokea.

Kwangu hicho ndicho kipimo. Kitu ulichonunuliwa na tajiri hakikunyimi usingizi, ila ukishakilipia mwenyewe kwa miaka kumi, tiketi kwa tiketi, hapo kinakunyima. Na siku hizi klabu inachimba mawe yake yenyewe: Supachok Sarachat na mdogo wake Suphanat Mueanta, watoto wa mkoa wa Sisaket, wamelelewa katika akademi yake hadi wakaenda kucheza Japani na Ubelgiji. Hata hivyo ile Buriram FC siisahau, na kila ninapoona nembo yenye hekalu nataka aliyeivaa aniambie na habari ya jezi iliyokunjwa kabatini.

Pesa zangu nililipwa, pungufu. Taa za Chang Arena zinawaka kila usiku wa mechi, na anayesambaza umeme mkoani Buriram hadi leo ni Shirika la Umeme la Mikoani.