Sauti Zilizovuka Mpaka: Kutoka Kaseti Hadi Podikasti, Dzaleka na Lilongwe

Popote gazeti hili litakapokukuta, iwe Dzaleka au Lilongwe, Kigoma au Uvira, Bujumbura au huko ng'ambo walikohamishiwa wengi wetu, naomba kabla hujaendelea uchukue simu yako uhesabu mafundisho ya sauti uliyohifadhi humo. Mimi nilihesabu ya kwangu nilipokuwa naandaa makala hii, nikakuta 214. Niliyasikiliza yote hadi mwisho? Hapo tusiulizane.

Vijana wetu wanaoyarekodi siku hizi wanayaita podikasti, na ukiwasikia wakizungumza utadhani kazi hii imezaliwa nao. Neno lenyewe kweli ni la juzi. Lilitokea gazetini Uingereza mwaka 2004, na mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikaziweka podikasti ndani ya programu yake ya iTunes. Ni kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti. Ukijiandikisha, kila kipya kinakufuata kwenye simu, nawe unakisikiliza kwa saa yako, ukipika au ukipalilia. Lakini kumfundisha mtu ambaye humwoni ni kazi ya zamani sana. Soma Wakolosai 4:16: Paulo anaagiza barua yake ikishasomwa Kolosai ipelekwe Laodikia, na ile ya Laodikia isomwe Kolosai. Barua ilikuwa inazunguka kama audio yetu inavyozunguka kwenye magrupu, tofauti ni kwamba ilisomwa mbele ya kanisa zima, siyo mtu peke yake masikioni.

Nitakupitisha haraka kwenye historia ya wengine kabla ya kufika kwetu. Mwaka 1939 dada mmoja Mmarekani, Joy Ridderhof, alianzisha huko Los Angeles kazi ya kurekodi Injili kwenye sahani za santuri, na baadaye shirika lake likatengeneza hata kichezeo cha kadibodi kinachozungushwa kwa mkono, bila betri. Mwaka 1963 Walutheri walifungua kituo cha redio Addis Ababa. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi, tepu zikasafirishwa Ethiopia, kisha sauti ikarudi Afrika Mashariki kwa mawimbi. Kituo hicho kilitaifishwa mwaka 1977. Kule Ushelisheli FEBA ilirusha matangazo yake kuanzia 1970 hadi 2003.

Ila hadithi ninayoipenda zaidi ni ya ndugu zetu Wapentekoste wa Uswidi. Hawa ni ndugu wa wale waliofika Kivu mwaka 1921 na Kiremba, Burundi, mwaka 1935. Wengi wetu tulizaliwa katika makanisa yaliyotokana na safari hizo. Kwao Uswidi redio ilikuwa mikononi mwa shirika moja tu, na hawakuruhusiwa kufungua ya kwao. Wakafanya nini? Mwaka 1955 wakaenda Tangier, Moroko, wakaanzisha redio IBRA, wakahubiria nyumbani kwao kutoka ng'ambo ya bahari. Walivuka mpaka ndipo wakasikika kwao. Sisi wa Dzaleka tukisikia hivyo tunacheka, maana tunaijua hali hiyo vizuri.

Sasa tufike kwetu. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994. Kabla ya hapo, enzi za Kamuzu Banda, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na husemwa kwamba jina linatokana na neno la Kichewa la mtu anayeahidi kwamba ataacha, hatarudia tena. Pamepangwa kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Halafu kuna jambo ambalo ndugu wa nje huwa hawalielewi mpaka waelezwe. Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, likiwamo la kutembea. Mkimbizi anatakiwa akae kambini. Kutoka ni kwa kibali. Kwa hiyo mchungaji wa Dzaleka na kondoo wake aliyeko Lilongwe, kilomita kama 45 tu, wanaweza kukaa mwaka mzima wasishikane mkono.

Mimi nilifika mwaka 2003, kutoka Uvira kwa njia ya Kigoma, Mbeya, Songwe hadi Karonga. Mkobani nilikuwa na Biblia, mashati mawili na kaseti nne za mahubiri. Redio ya kuzichezea sikuwa nayo! Nilikaa nazo miezi, mpaka siku moja nikapanda minibasi hadi Mponela, sokoni, kwa fundi wa redio. Nikamwomba kwa ishara anichezee moja. Yule Mmalawi hakujua neno la Kiswahili, lakini kila liliposikika jina la Yesu alikuwa anaitikia kwa kichwa huku anaendelea kuchomelea waya zake. Nilisikiliza upande mzima nimesimama. Nilipotoka nilikuta Warundi wawili wamesimama mlangoni, wamevutwa na sauti. Mmoja wao leo ni shemasi wetu.

Ukiuliza ushirika wetu ulianzaje kusikiliza pamoja, mimi nakujibu: ulianzia mlango wa fundi yule. Kaseti hizo nne zilizunguka Kawale, Likuni, Lisungwi na Katubza mpaka zikakonda. Tepu ikitoka tunairudisha kwa kalamu ya Bic. Baadaye ndugu waliotoka Tanzania wakaleta nyingine, mahubiri ya Moses Kulola, semina za Christopher Mwakasege. Betri zilikuwa ghali, basi hakuna aliyesikiliza peke yake. Kila nyumba ilichangia betri moja, na aliyechangia alikuwa na haki ya kuuliza swali. Huo umaskini wa betri ulitufanyia kazi nzuri kuliko tulivyojua wakati ule.

Baada ya kaseti zikaja CD, halafu memori kadi. Ukienda kwenye vibanda vya Mponela au Lilongwe, kijana mwenye kompyuta anakupakia nyimbo na mahubiri kwa pesa kidogo. Memori ilikuwa baraka. Januari 2022 kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira na giza likawa la kila siku, mwenye memori na simu ya vitufe aliendelea kusikiliza, wakati mwenye simu kubwa anatafuta pa kuchaji. Lakini kila mtu akawa na yake, masikioni mwake. Kile kikao cha betri kilikufa polepole, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyekilalamikia.

WhatsApp ilileta ujumbe wa sauti mwaka 2013. Kwa ibada zetu haukuwa na kazi sana mpaka korona. Machi 2020 serikali ilipiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 100, na makanisa ya kambini yanapita hapo hata siku ya mvua. Wachungaji wakaanza kuhubiri kwenye simu. Wengine walihubiri dakika tisini bila kupumua, nawe unajua habari za Eutiko katika Matendo 20. Sisi angalau hatukuwa dirishani.

Kisha ukaja mwaka 2023. Mwezi wa tatu serikali iliagiza wakimbizi wote waliokuwa wanaishi mijini warudi Dzaleka, mwisho 15 Aprili. Mwezi wa tano msako ukaanza Lilongwe. Sitaandika mengi juu ya siku zile. Waliozipitia wanaisoma makala hii na hawahitaji kukumbushwa. Nitasema la kanisa tu. Makutaniko yetu ya mjini yalibaki na viti. Viongozi walikuwa kambini wanatafuta pa kulala, Wamalawi waliookoka pamoja nasi wamebaki peke yao na ufunguo wa jengo. Dada mmoja wa Kimalawi akatuma sauti ya sekunde kumi na tano kwa Kichewa: akauliza Jumapili afungue au asifungue. Mzee wetu akamjibu afungue, na atamtumia fundisho. Alilirekodi Jumamosi usiku chini ya blanketi, kwa sababu ya kelele za majirani. Hiyo ndiyo podikasti yetu ya kwanza, ingawa hatukuiita hivyo. Jina lilikuja baadaye, vijana walipoanza kuyaweka mafundisho kwenye intaneti ili ndugu wa Marekani, Kanada na Australia wayapate.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo na wewe, maana si kila kitu kilikwenda vizuri.

Mwanzoni mwalimu alisema, sisi tukasikiliza, tukaandika Amina kwenye grupu. Amina hamsini. Kila mtu akaamini kazi inakwenda. Halafu likaja somo la zaka. Mwalimu hakuwa kambini. Alikuwa na kazi yake, na alifundisha vizuri kabisa, fungu la kumi, Malaki na yote. Jumanne yake kikundi cha akina mama wa Lisungwi walikuwa wanasikiliza pamoja, simu wameitumbukiza ndani ya sufuria tupu ili sauti iwe kubwa. Mama mmoja akabonyeza akarekodi swali: Mimi naishi kwa mgao, na mgao umepunguzwa tena, zaka yangu ni nini? Na kama nikitoa, watoto nitawaambia nini?

Grupu ikanyamaza. Siku hiyo hakuna aliyeandika Amina.

Mwalimu hakujibu wiki nzima. Wengine wakasema yule mama amemkosea heshima mtumishi wa Mungu. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo, nakiri. Wiki ya pili akaja na sauti fupi, dakika sita, akasema amefundisha kama mtu mwenye mshahara, akaomba radhi, akaanza upya kutoka kwa yule mjane wa Sarepta, akitofautisha kwa uangalifu alichotoa mjane na walichokuwa wanamdai watu. Tangu hapo tukaweka utaratibu: hakuna fundisho linalotoka bila majibu ya wiki iliyopita. Vikundi vinasikiliza pamoja, vinarekodi dakika mbili za maswali, mwalimu anaanza na maswali hayo. Kumbe tulikuwa tumerudi kwenye betri zetu.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu tumeona pia sauti isiyojibiwa inafanya nini. Kuna wakati ilizunguka kambini audio ya mtu anayejiita nabii. Alikuwa anatangaza kwamba ameona majina ya watakaohamishiwa Kanada, na kwamba jina linafunguliwa kwa sadaka ya kutuma kwa simu. Hakuna aliyemjua, alikotoka wala aliyemwekea mikono. Sauti yake ilikuwa nzuri, yenye machozi. Familia moja ya karibu na kwangu waliuza mahindi na godoro. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo, na audio ile niliisikia mapema nikaipitisha kwenye grupu nyingine bila kuifikiria. Kidole changu hiki. Baba wa familia ile alinisamehe. Mkewe bado ananisalimia kwa mbali.

Waberoya wa Matendo 17 walimchunguza hata Paulo, wakasifiwa kwa hilo. Sisi tulikuwa tunampima mhubiri kwa wepesi wa sauti yake kufika. Leo kabla ya sauti kutoka kwa jina la ushirika, wazee wawili, mmoja wa kambini na mmoja wa nje, wanaisikiliza hadi mwisho. Vijana wanalalamika kwamba tunachelewesha. Ni kweli tunachelewesha.

Lipo na swali ambalo bado linatushinda. Wachungaji wetu kadhaa wamehamishiwa Marekani na Australia, na wanaendelea kutufundisha kwa sauti. Tunawashukuru. Lakini mgonjwa akilazwa Dowa, nani anakwenda? Mashemasi wanaokwenda usiku na tochi hawana jina kwenye podikasti, na mwenye jina yuko mahali ambapo usiku wetu ni mchana. Baadhi ya washirika wanasema mchungaji ni yule anayefundisha, wengine wanasema ni yule anayekuja. Yohana katika waraka wake wa pili, mstari wa 12, anasema ana mengi lakini hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino, anatumaini kuja waonane uso kwa uso. Yeye alikuwa na tumaini hilo. Kwa mwenye kibali cha kambi na mwenye uraia mpya wa mbali, tumaini hilo ni gumu kulipanga. Mkutano wa viongozi utalijadili wakati wa sherehe hizi. Njoo na maoni yako, usiyaache nyumbani.

Nilitaja kaseti nne. Mbili zimepotea. Ya tatu imeshikana kwa unyevu wa masika. Ya nne vijana wa Lilongwe wamefaulu kuihamishia kwenye kompyuta mwaka huu, na humo nimesikia, nyuma ya mhubiri, sauti za watu wa Uvira wakiitikia, jogoo, na mtoto analia. Wengi waliomo kwenye itikio lile wameshalala. Kama nawe ulibeba kaseti, CD au memori ya zamani yenye mafundisho, nyimbo au hata matangazo ya ibada, usiitupe hata kama haichezi. Ifunge kwenye karatasi kavu, andika mahali na mwaka kama unaukumbuka, umpe katibu wa tawi lako kabla mvua hazijaanza. Na ukitangaza chochote kwa sauti, tafadhali taja kama ni Kawale ya mjini au Kawale ya kambini. Mwaka jana nusu ya kwaya ilikwenda kwingine.