Dola 30 za Jasho la Mnunuzi

Mwaka 1959 kampuni ya Dynaco ya Philadelphia, Marekani, iliingiza sokoni amplifaya iitwayo Stereo 70, na ikaiuza kwa bei mbili. Aliyetaka iliyokwisha kuundwa alilipa dola 129.95. Aliyekuwa tayari kubeba boksi la vipuri akaunganishe mwenyewe nyumbani alilipa dola 99.95. Mashine ni ile ile: wati 35 kila upande, valvu nne za EL34, na transfoma nzito zinazoufanya mzigo wote ukaribie kilo 15. Dola 30 zilizobaki mfukoni zilikuwa ujira wa jasho lake mwenyewe, na wanunuzi wengi sana walichagua jasho.

Mtindo huo ulikuwa umeshika moto miaka kumi na miwili kabla, ng'ambo ya pili ya bahari. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na bidhaa zilikuwa adimu. Hata hivyo nchi ilijaa vijana waliofundishwa redio na rada jeshini, na maduka yakiuza kwa bei ya kutupa vipuri vilivyobaki maghalani. Katika matoleo ya Aprili na Mei 1947, jarida la Wireless World likachapisha mchoro wa mhandisi D.T.N. Williamson: amplifaya ya wati 15 ambayo kuharibika kwa sauti hakukufika asilimia 0.1. Si kwamba hakuna aliyewahi kufika hapo. Harold Leak alikuwa ametangaza kiwango kama hicho mwaka 1945, lakini yeye alikuwa akiuza mashine. Williamson alianika siri zote, kila rezista na thamani yake, kwa yeyote aliyekuwa na pesa ya jarida.

Siri kubwa ilikuwa mrejesho: sehemu ndogo ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni mwa saketi ili makosa yajirekebishe yenyewe. Wazo hilo lilimjia Harold Black wa Bell Labs mwaka 1927 akiwa ndani ya kivuko kwenye mto Hudson, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Ugumu ni kwamba Williamson aliupitisha mrejesho kwenye transfoma ya kutolea sauti pia. Transfoma ikiwa hafifu, amplifaya badala ya kupiga muziki hupiga mluzi. Ndiyo maana alieleza hata namna ya kuisokota, tabaka la waya mwembamba juu ya tabaka, maelfu ya mizunguko. Wachache waliiweza kazi hiyo. Wengine walikwenda kununua transfoma iliyosokotwa kiwandani, wakaendelea kujisifu kwamba wamejiundia. Nami siwalaumu: tangu siku ya kwanza, kujiundia kulikuwa na ununuzi ndani yake.

Marekani, aliyelielewa hilo kuliko wote alikuwa Howard Anthony wa Benton Harbor, Michigan. Mwaka 1935 alikuwa amenunua kampuni ya Heath, ambayo mwanzilishi wake, Edward Heath, aliuza vipuri vya kujiundia ndege na akafa mwaka 1931 ndege aliyokuwa akiijaribu ilipoanguka. Baada ya vita Anthony alizoa vipuri vya jeshi, na mwaka 1947 akatoa osiloskopu ya kujiundia kwa dola 39.50. Amplifaya zikafuata, zikiwemo zilizotokana na mchoro wa Williamson.

Kwa maoni yangu, bidhaa bora ya Heath ilikuwa kile kijitabu cha maelekezo. Kila hatua ilianza na mabano matupu ya kutia alama ukishamaliza. Mwisho wa sentensi uliandikwa NS, maana yake usilehemu bado kwa kuwa kuna waya mwingine unakuja, au S-2, yaani lehemu sasa na hakikisha pana waya mbili. Mtu asiyejua rezista ni mnyama gani angeweza kuanza jioni na kufika mwisho. Tahadhari nayo ilihitajika: ndani ya amplifaya ya valvu mna volti zaidi ya 400, na kapasita huweza kuzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani.

Kisha hesabu ikageuka. Zilikuja transista, zikaja bodi zilizochapwa njia za umeme, na saketi nzima ikaingia ndani ya kipande kisichozidi ukucha. Viwanda, hasa vya Japani, vikapanga vipuri kwa mashine. Jasho la mnunuzi halikuokoa tena kitu, kwa sababu kufungasha mamia ya vipuri kimoja kimoja, kuandika kijitabu na kujibu barua za waliokwama kuligharimu kuliko kuiacha mashine imalize kazi. Heath iliyokwishapita mikononi mwa Daystrom, Schlumberger na Zenith iliacha kutengeneza vifaa vya kujiundia mwaka 1992.

Stereo 70 bado inaundwa. Wapo wanaouza bodi mpya zinazoingia kwenye fremu ya zamani, na wapo wanaosokota transfoma kwa kufuata vipimo vya awali. Ila ukijumlisha transfoma, valvu na fremu, utakuwa umetumia fedha nyingi kuliko bei ya amplifaya ndogo ya kisasa yenye wati zaidi, iliyotoka kiwandani na ambayo haijaguswa na pasi ya kulehemu ya mtu yeyote.