Kilosa, Mji Uliobaki Chini ya Milima

Agosti 1857 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Zungomero wakiwa hoi kwa homa. Walipoanza kupanda milima ya Usagara, Burton alijiona amepona, na sifa zote akazipa hewa ya juu. Siku hizo Wazungu walidhani homa hutokana na mvuke mbaya wa mabwawa, mbu hawakushukiwa. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipopita masika ya 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, tambarare ya Makata ilikuwa tope tupu, na punda wake wakafa. Baada ya hapo mlima wowote ungeonekana pepo.

Wakaguru, wenyeji wa huko, hawakungoja kuambiwa. Wengi wao waliishi milimani kwenye mvua ya uhakika, mbali kidogo na wavamizi. Huko huko milimani, Mamboya, mnamo 1880, wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walifungua kituo chao. Karibu miaka hiyo hiyo nahodha Bloyet, Mfaransa, alijenga kituo bondeni, kando ya mto Mkondoa, njiani mwa misafara ya pwani na bara. Desemba 1884 akaja Mjerumani Carl Peters na karatasi zake za mikataba ambazo waliozitia alama, kwa maoni yangu, hawakuambiwa zinasema nini. Usagara ikawa miongoni mwa nchi nne za mwanzo za Afrika Mashariki kudaiwa na Wajerumani.

Basi kwa nini Kilosa, iliyo chini ya milima hiyo, haikugeuka mji wa kupunga hewa? Kwa sababu Wajerumani walipata kwingine. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, haikuwa mbali. Maofisa wakapandia Usambara kukimbia joto.

Kilosa ilipewa kazi, si mapumziko. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Treni haipendi mlima: ili kupanda kwenda Dodoma, mafundi waliufuata mto Mkondoa, na mji ukakua pale pale bonde linapoanza kubana. Mashamba ya mkonge yakaenea Kimamba na Rudewa, yakivuta vibarua kutoka mbali.

Mto nao ulikuwa na haki yake. Mwishoni mwa Desemba 2009 maji ya Mkondoa yalivunja tuta, yakaingia mjini, maelfu wakakosa makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika kwa miezi. Mvua iliyonyesha milimani ndiyo iliyoshukia nyumba za bondeni.

Mgeni wa leo huwa haji Kilosa. Huishia Mikumi, kusini, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1964 na barabara ya Iringa hukatiza katikati yake. Abiria wa basi huona twiga na tembo bila kulipa kiingilio. Mji wa Mikumi umelelewa na barabara hiyo: malori, mama lishe, nyumba za wageni.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme hupita Kilosa kwenda Dodoma, ikitoboa milima kwa mahandaki. Kituo kipo. Anayeshuka hapo bado ana mwendo wa barabarani mpaka Mikumi, na mwingine wa kupanda hadi Mamboya, kwenye ile hewa aliyoisifu Burton.