Lugh, Nuada na kikosi chao: Majina 5 ya miungu wa Ayalandi na Wales na maana yake

Ukicheki Lugh ama Lleu kwa gemu unaweza dhani msee aliandika akisinzia. Zii. Haya ni majina ya miungu wa kale wa Ayalandi na Wales, na mengi yana pacha ng'ambo ya bahari. Ni vile Mswahili anasema mtu, Mkamba mundu, Mluhya omundu. Chanzo kimoja, lugha ndio ziliachana.

1. Lugh na Lleu
Lugh husomwa "Luu". Ni fundi wa kila kitu, na hadi leo Agosti kwa Kiayalandi ni Lúnasa, kutokana na sherehe yake.

Pacha wake wa Wales ni Lleu Llaw Gyffes. Kwa hiyo Ll, weka ulimi kama unasema L halafu pumulia hewa kando. Sasa story yake ni noma: mamake, Arianrhod, aliapa mtoi hatapata jina hadi yeye mwenyewe ampe, na hakuwa na mpango wa kumpa. Mjomba wake, Gwydion, akawabadilisha sura wakajifanya washona viatu. Mathe akaja kupimwa kiatu, akaona kijana akimlenga ndege mdogo na kumgonga mguu kabisa. Ikamtoka tu: huyu mweupe ana mkono hodari! Basi, jina likaingia. Hiyo ndiyo maana ya Lleu Llaw Gyffes.

2. Nuada na Lludd
Nuada alikuwa mfalme, akakatwa mkono vitani. Mfalme hakuruhusiwa kuwa na kilema, so kiti kikaenda. Daktari Dian Cécht akamtengenezea mkono wa fedha, ndio akaitwa Airgetlám, yaani "mkono wa fedha". Wales kuna Lludd Llaw Eraint, maana ni ileile.

3. Manannán mac Lir na Manawydan fab Llŷr
Mac na fab zote ni "mwana wa", kama arap kwa Wakalenjin. Lir na Llŷr ni bahari. Manannán ndiye bosi wa mawimbi. Manawydan ni mpole, ingawa kuna siku alitaka kumnyonga panya aliyemwibia ngano.

4. Goibniu na Gofannon
Wote wahunzi. Goibniu ndiye aliwaundia miungu wenzake silaha za vita.

5. Brigid
Mungu wa mashairi, tiba na uhunzi. Jina lake lilichukuliwa na Mtakatifu Brigid wa Kildare, ambaye Wales wanamwita Ffraid. Kama darasani mwenu kulikuwa na Bridget, jina limetoka huko. Tangu 2023, Ayalandi ina likizo ya kitaifa ya Brigid kila Februari.

Sasa fikiria hii: story za Lleu na Manawydan zimetufikia zikiwa kamili kwa vitabu viwili tu vya kuandikwa kwa mkono, vya kati ya 1350 na mwanzo wa miaka ya 1400. Vingechomeka, Lleu angebaki vile mamake alitaka: bila jina.