Tishu za Ovari Zilizogandishwa: Historia ya Kuhifadhi Uzazi kwa Wagonjwa wa Saratani

Maarifa ya kugandisha chembe hai yalitangulia mno matumizi yake kwa wanawake wenye saratani, kwani mwaka 1949 Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikwisha kuonyesha huko London kwamba gliserini hukinga mbegu za kiume zisiharibiwe na baridi, na muda si mrefu vipande vya ovari za panya vikagandishwa na kupandikizwa. Waliokosekana ni wagonjwa waliopona. Saratani iliyoenea ilipokuwa sawa na hukumu ya kifo, suala la kuzaa halikuulizwa.

Mseto wa dawa uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1960 ulianza kuponya limfoma ya Hodgkin, yaani saratani ya tezi za limfu inayowapata sana vijana, hata ikiwa katika hatua ya mwisho, ila dawa hizo ziliangamiza pia mayai machanga, ambayo mwanamke huzaliwa nayo na mwili wake hautengenezi mengine. Kugandisha viinitete, kulikofanikiwa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulihitaji mbegu za mwanamume na siku kadhaa za sindano za homoni, na mgonjwa aliyezidiwa mara nyingi hana muda huo.

Ndipo ikarejewa njia ya panya, ambayo Roger Gosden wa Edinburgh aliijaribu kwa kondoo mwaka 1994. Mwaka 1997, jijini Brussels, timu ya Jacques Donnez ilichukua vipande vya gamba la ovari, tabaka la nje lenye mayai machanga, kutoka kwa mwanamke mwenye limfoma ya Hodgkin ya hatua ya nne kabla hajaanza dawa, ikavihifadhi katika nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi joto hasi 196. Mwaka 2003, mgonjwa akiwa amepona lakini hapati hedhi, madaktari walitengeneza kijidirisha karibu na ovari yake, wakangoja siku 7 mishipa midogo ya damu ichipue, kisha wakapandikiza vipande hivyo. Septemba 2004 akajifungua mtoto wa kike.

Baadhi ya wataalamu walihoji, na kwa haki, iwapo yai lile halikutoka katika ovari iliyobaki mwilini. Uzazi uliofuata katika nchi nyingine ulipunguza shaka hiyo, na mwaka 2019 chama cha wataalamu wa tiba ya uzazi cha Marekani kikaacha kuiita njia hii ya majaribio. Kwa wagonjwa wa saratani ya damu, hata hivyo, tahadhari imebaki, kwa sababu kipande kinachorudishwa kinaweza kurudi na chembe za ugonjwa wenyewe.