Alifufuka, alifufuliwa au aliibuka?

Mwaka 1988 kampuni ya hadithi za katuni ya Marekani, DC Comics, iliwaachia wasomaji uamuzi mzito: Jason Todd, Robin wa pili, msaidizi wa Batman, afe au aishi? Wakapiga simu, kila moja kwa senti 50. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 aishi. Akafa. Mwaka 2005 akarudi hadithini akiwa hai.

Wengi wangeandika "alifufuka". Kitenzi hicho, kwa -k- yake, hueleza hali tu, kana kwamba mfu kaamka mwenyewe. "Alifufuliwa" humdai mtenda: nani kamfufua? Hapa mtenda yupo, tena anajulikana. Ni mwandishi, na nyuma yake mchapishaji mwenye majarida ya kuuza. Nachagua "alifufuliwa", bila kusita.

Bucky Barnes, rafiki wa Captain America, ni habari nyingine. Kwa miongo kadhaa wasomaji waliamini alikufa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2005 ikafichuka kwamba Wasovieti walimwokoa, wakamfanya muuaji wa siri. Huyo hakufufuliwa na yeyote, aliibuka. James Bond vilevile: katika riwaya ya Ian Fleming ya 1964, tanzia yake inachapishwa gazetini naye yu hai Japani.

Enyi mnaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, tutofautishieni: mfu hufufuliwa, aliyedhaniwa kafa huibuka.